Yoga Nyuma ya Jiko

Nikitaka kuandika juu ya yoga, kalamu inaenda kwa baba mkwe. Nikitaka kuandika juu ya baba mkwe, naona sitakuwa nimesema kweli kama sitataja yoga. Nimejaribu kuvitenganisha mara nyingi na nimeshindwa. Nilikuwa na asubuhi moja tu ya kugawa, na nyasi kidogo tambarare nyuma ya jiko langu, na wote wawili waliitaka, yoga na yule mzee. Yoga ikapewa. Sijui bado kama ni mimi niliyeigawa hivyo au ni yeye.

Mimi niliishia darasa la nane. Nyumbani tunaongea Kigusii, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo maneno ya mzee nitakayoweka hapa si yale yaliyotoka mdomoni mwake hasa. Nimejitahidi yasimuongezee wala kumpunguzia.

Boma letu liko upande wa Nyamira, kwenye mteremko mkali ambao chai ndiyo inaushika usianguke. Nyumba ya baba mkwe iko chini, yetu iko juu, na njia fupi ya kwenda barabarani inapita kando ya migomba yangu. Mama mkwe alipofariki, mzee akabaki peke yake kule chini, na mimi kama mke wa mwanawe aliye karibu ndiye nikawa nampikia. Mume wangu ni fundi wa mawe, kazi humpeleka mbali, anakuja mwisho wa mwezi au asije.

Sasa, kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hawapeani mkono. Mke wa mwana hanyooshi miguu mbele yake wala halali mahali anapoweza kuonwa naye, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kidogo. Hiyo tunaita ensoni. Ukiitafsiri ni aibu, lakini ni aibu ambayo mtu anakupa kwa sababu anakuheshimu. Kwa hiyo kila asubuhi mzee alipanda polepole mpaka kwenye migomba yangu, akakohoa ili nijue amefika, kisha akaketi kwenye kigoda nje ya jiko, mgongo wake kwenye ukuta wa udongo, jua la kwanza likimpiga kifuani. Mimi nilikuwa ndani kwenye moto. Uji niliuweka kwenye kidirisha, nikatoa mkono, ndipo na yeye akatia wake akachukua.

Tuliongea kupitia ule ukuta. Naweza kusema hakuna mtu niliyeongea naye sana maishani kama yeye, na sijawahi kumtazama usoni kwa muda wa kutosha kukwambia macho yake yalikuwaje.

"Huu uji leo una nini?" angeuliza.

"Nimesagia kwa mashine mpya ya sokoni, Baba."

"Wamesaga na mlima."

Nami ningecheka huku nimeziba mdomo, kwa sababu kumcheka mzee pia si vizuri, na yeye angesikia kwamba naziba, akaridhika. Alinieleza ng'ombe gani hafai kununuliwa, mawingu gani ni ya uongo, na nani kule Nyamache, nilikozaliwa, aliwahi kuwa rafiki yake wa ujana. Mambo ya kawaida. Aliondoka uji ukiisha.

Yoga niliipata mjini Kisii, na niliipata kwa kuumia. Kuchuma chai ni kuinama kidogo, si sana, siku nzima, na kikapu mgongoni kikizidi kuwa kizito. Kwa miaka mingi mgongo wangu haukusema kitu. Halafu nikapata kibarua cha kufua na kupika, siku kadhaa za wiki, kwa familia moja ya Wahindi wenye duka la vifaa vya ujenzi. Walikaa juu ya duka. Nguo tulianika juu kabisa, kwenye paa la saruji, na huko ndiko mama mzee wa ile nyumba alikuwa akijinyoosha kila asubuhi kwenye mkeka wake. Mimi nilipita na ndoo zangu kama sijamwona. Nilidhani ni maombi.

Siku moja niliinama kuinua ndoo ya nguo mbichi na sikuinuka.

"Simama," akasema.

"Siwezi, Mama."

"Basi lala."

"Na kazi je?"

"Kazi iko hapo. Haiendi Mosocho."

Nikalala kwenye saruji. Akaketi karibu na kichwa changu, akaniambia nipumue, akasikiliza kidogo, akakunja uso. "Wewe napumua kama mtu naiba hewa ya mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Baada ya nguo kuanikwa, alinifundisha kidogo kidogo: kuinua mgongo kama paka, kuushusha, kusukuma makalio juu kama mbwa anayejinyoosha, kusimama na kunyanyua mikono mpaka mbavu zifunguke. Alikuwa mkali. Hakusifu. Akiona nimejitahidi alisema tu, "Sasa umeanza."

Mimi ni Msabato, na jambo hilo lilinisumbua, kwa hiyo nikamuuliza wazi kama ananiingiza kwenye dini yao.

"Mimi nikitaka kuomba naenda chumba ile, nawasha taa," akasema. "Hii ni mgongo. Mgongo yako iko na dini gani?"

Nilicheka na nikaendelea. Ili niwe wa haki, niseme kwamba kwake yeye haikuwa mgongo tu. Nilimwona mara nyingine akimaliza, anakaa kimya uso umelegea, na haikuwa sura ya mtu anayefikiria kiuno. Lakini mimi hakuniambia niseme neno lolote, na sikusema.

Alichonisisitizia ni kitu kimoja. Saa ile ile, mahali pale pale, kila siku, hata kama ni kidogo. "Leo asubuhi, kesho mchana, kesho kutwa hapana. Mwili najua wewe muongo. Hafungui." Alilirudia mpaka nikawa nalisikia nikiwa nachuma chai.

Kisha mwanawe mwingine akaja kumchukua akaishi naye Kisumu, na kibarua changu kikapungua, kikaisha. Siku ya kuagana nilitaka kumwambia maneno mazuri. Akanikata. "Usinipigie simu kusema nakumbuka mimi. Fanya tu."

Kufanya peke yako ni kitu kingine. Nilianza, nikaacha. Ng'ombe akazaa, nikaacha. Siku za kuchuma zikafuatana, nikaacha. Nilijaribu sebuleni lakini viti vimejaa, ukinyoosha mguu unapiga meza. Nilijaribu jioni nikasinzia. Kila nilipoanza upya mwili ulikuwa umejifunga tena, na nikawa naona kweli unanijua kwamba ni muongo. Mwisho nikakaa nikafikiri kama mtu mzima. Mahali tambarare kwenye boma letu ni pamoja tu, zile nyasi nyuma ya jiko, kati ya ukuta na migomba. Saa iliyo huru ni moja tu, baada ya kukamua na kabla ya binti yangu kuamka kujitayarisha kwenda shule. Nikapasua gunia la mbolea, nikalifua, nikalitandika pale.

Nilijua ni mahali pa mzee. Nilipiga hesabu kwamba nitakuwa nimemaliza kabla jua halijafika ukutani, na yeye alikuja na jua.

Na kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Nilijinyoosha, nikakunja gunia, nikaingia jikoni, akakohoa kwenye migomba, akaketi. Hakuna aliyemsumbua mwenzake. Uji ulimngoja. Wakati huo ndio sasa naona ulikuwa mzuri kuliko yote, na wakati huo niliuona kama wa kujifunzia tu, kama kwamba kile kizuri chenyewe bado kinakuja.

Maana yoga ikishakaa inataka kuongezeka. Mgongo ulipoacha kuuma ningeweza kusema basi, imetosha. Lakini nilikuwa nimeanza kuonja kitu. Pumzi ikishuka mpaka chini ya kitovu, mawazo yale ya asubuhi, karo, dawa ya chai, simu ya mume haijaingia, yanakuwa kama watu wanaoongea kwenye boma la jirani. Unayasikia na hayakuiti wewe. Sikuwahi kuwa na mahali kama hapo. Nimeolewa nikiwa msichana, na tangu hapo kila saa yangu imekuwa na mtu ndani yake. Basi nikawa nakaa zaidi. Nikaongeza kule kulala kwa mwisho, chali, mikono imeachiliwa, macho yamefungwa, ambako yule mama aliniambia ndiko kugumu kuliko kote. Aliita mlalo wa maiti. "Sauti kikuja, acha ipite," alikuwa akisema. "Kama mtu napita barabarani. Wewe hapana ita yeye ndani."

Nilikuwa sijawahi kuweza. Jogoo akiwika nilifungua jicho. Ndama akilia nilifikiria kamba. Na mzee akikohoa, bila shaka, niliruka, nikakunja gunia mbio, nikaingia ndani nikiwa na nyasi kwenye kitambaa. Mzee alikuwa analitangulia jua kidogo siku hizo, au mimi nilikuwa nachelewa. Ni mimi nilikuwa nachelewa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu, baada ya mvua ya usiku. Nilikuwa nimelala chali kwenye gunia. Sijui nimekaa hivyo kwa muda gani. Nikasikia kikohozi kwenye migomba.

Nikakiacha kipite.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Sikuwa nimelala usingizi. Sikuwa nimesahau ni nani. Nilijua ni baba mkwe, nilijua nimelala chini mbele yake kama mtu asiyefundishwa, na mwili wangu haukushtuka. Sauti ilipita, kama alivyosema yule mama. Na mimi, kule ndani nilikokuwa, nilifurahi. Nilijiambia: leo nimeweza. Akakohoa tena. Ya pili ilikuwa ya wasiwasi kidogo, ndivyo ninavyoikumbuka, lakini huenda nimeipaka wasiwasi baadaye. Asingeweza kusogea karibu, ensoni haimruhusu, na asingeweza kuniita nikiwa nimelala hivyo. Halafu nikasikia miguu yake ikishuka kwenye matope, taratibu, na kijiti chake.

Nilipoinuka uji ulikuwa umeweka utando.

Kesho yake hakuja. Badala yake alimwambia binti yangu, alipokuwa akipita kwenda shule, kwamba uji wake uwe unaletwa kule chini. Tangu siku hiyo binti yangu alibeba chupa ya uji kila asubuhi, na kigoda kikakaa tupu.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nimemwaibisha mzee. Ameona asichopaswa kuona, na mimi sikuinuka hata kumwondolea aibu hiyo. Kumwomba radhi ningeiombaje? Ningelazimika kutaja kulala kwangu, na kutaja ndiyo kuongeza kosa. Nilimpigia mume wangu. Akasema, "Mzee ni mzee. Mwache, atarudi mwenyewe," na nyuma yake nikasikia nyundo zikigonga mawe.

Mke wa kaka ya mume wangu, ambaye kwetu tunaitana mke-mwenza ingawa kila mmoja ana wake, yeye hakunihurumia.

"Umemfukuza mzee na miguu yako."

"Sikumfukuza."

"Sasa kwa nini anakunywa uji kama mgonjwa, anabebewa? Mtu mzima analala nje kwenye gunia kama viazi vinasubiri gari."

"Ni mgongo wangu."

"Mgongo wangu pia unauma. Naulaza kitandani."

Alisema hivyo mbele ya watu tukiwa tunapimiwa chai, wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu ile ya viazi ilikuwa nzuri kweli.

Niliacha kwa muda. Mgongo ukarudi, na mzee hakurudi. Basi nikaona nimepoteza vyote bure, nikalitandika gunia tena. Na hapa ndipo kuna kitu kinachonisumbua kuliko kile kikohozi. Miezi ile iliyofuata ndiyo niliyofanya yoga vizuri kuliko wakati wowote. Hakuna aliyepita. Hata mke-mwenza wangu, aliyekuwa akipitisha ndama wake pale kila siku, aliacha kumpitisha, nikafikiri amenichukia. Nililala kimya mpaka jua likanifika usoni. Paji langu la uso likagusa magoti, kitu ambacho hata kule kwenye paa sikuwahi kukiweza. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa nafunguka, kila siku, pamoja. Nikimwona mzee kwa mbali, anashuka njia ya chini ya kijito, ile ndefu yenye utelezi, ili afike barabarani bila kupita kwangu, nilijiambia: ona jinsi alivyokasirika. Kisha kesho yake nalala kimya vizuri zaidi.

Binti yangu ndiye alinifungua macho, na alifanya hivyo akitafuna muwa. Babu na mjukuu kwetu hawana ensoni, wanataniana wanavyotaka. Alikuwa akimwita sokoro, babu, na yeye akimwita binti bibi yake mzee asiyejua kupika.

"Sokoro amesema nikwambie Mungu si kiziwi," akasema. "Upunguze."

"Nipunguze nini?"

"Maombi. Anasema yamekuwa marefu sana, baridi itakushika."

Nikaweka chini kisu nilichokuwa nacho. "Maombi gani?"

"Yale ya kulala chini. Anasema watu wa zamani wakiwa na jambo kubwa walikuwa wanajitupa chini hivyo mbele ya Mungu. Alikukuta. Akasema mtu akiwa hapo hakatizwi." Akatema makapi ya muwa. "Ametuambia sisi wote tupite kule chini. Hata mama mkubwa na ndama wake. Anasema unaombea mtoto."

Sisi tuna mtoto mmoja tu, yeye. Baada yake nilipoteza mimba, zaidi ya moja, na kisha nikakoma kutarajia. Hilo mzee hakuwahi kulitaja kupitia ukuta, na nilidhani amelisahau.

Nimejiuliza kwa nini sikumaliza jambo lile siku hiyo hiyo. Njia ilikuwepo. Ningemtuma binti: mwambie sokoro si maombi, ni mazoezi ya mgongo, arudi anywe uji wake hapa. Mtoto angesema bila aibu yoyote. Lakini nilipotaka kufungua mdomo niliiona ile njia ya kijito, matope yake, na mzee mwenye miguu iliyoanza kuvimba akiipita miezi yote hiyo kwa ajili ya mazoezi. Niliona uso wake akiambiwa hivyo na mtoto. Nikaona afadhali nimwite tu, arudi, na lile jambo lijifie. Nikamwambia binti, "Mwambie aje. Mwambie nimemaliza."

Akaja. Hakuja kesho yake, mvua ilikuwa nyingi, alikuja ilipokatika. Sikutandika gunia siku hiyo. Nilikuwa jikoni tangu mapema, uji umechemka, nimesikiliza mpaka masikio yanauma. Akakohoa. Kigoda kikalia. Nikaweka kikombe kwenye kidirisha, nikatoa mkono.

"Mashine bado ni ile?" akauliza.

"Ile ile, Baba."

"Nilizoea mlima wao. Chini kule napewa uji umepoa."

Nilicheka, na safari hii sikuziba mdomo sana. Tukaongea kidogo juu ya chai, kwamba majani yamekuwa makubwa kwa mvua na wachumaji hawatoshi. Alikuwa anapumua kwa nguvu kutokana na mlima. Nilikuwa najua hasa la kumwambia juu ya kupumua, na halikuwa jambo ambalo mke wa mwana anaweza kumwambia baba mkwe. Kisha akasema, sauti ikiwa ya chini kana kwamba anaongea na ukuta wenyewe:

"Umejibiwa?"

Ningesema nini? Ningesema ndiyo, angeshuka mteremko akisubiri mtoto, angesubiri na kuhesabu mpaka mwisho. Ningesema si maombi, ningekuwa namwambia uso kwa uso, ijapokuwa ukuta ulikuwa kati yetu, kwamba alichokiona ni mwili wangu tu umelala. Nilitafuta neno lisilo uongo. Nililipata, na sijalisamehe.

"Bado, Baba."

Nikasikia anaweka kikombe kwenye kidirisha, kikiwa hakijaisha.

"Basi mimi si mtu wa kukukalia hapa," akasema. "Endelea. Usichoke."

Na akashuka. Alishuka kwa furaha, hilo lazima niliandike pia. Nilichungulia kwenye kidirisha baada ya kuhakikisha amegeuka, na hakutembea kama mtu aliyefukuzwa. Alitembea kama mtu aliyepewa kazi. Hakurudi tena kwenye kile kigoda.

Nilijiambia nitamtuma binti amweleze shule zikifungwa. Shule zilifungwa, miguu ya mzee ikawa imevimba kiasi kwamba hakutoka nje, na huwezi kumwambia mgonjwa mambo ya namna hiyo. Wanawe walikuja, wakampeleka hospitali, wakamrudisha. Waliomhudumia kwa mikono ni wanawe na wajukuu. Mimi nilipika. Alifariki wakati wa mvua ndefu, na siwezi kudai kwamba ile njia ya kijito ndiyo iliyomuua, kwa kuwa daktari alisema ni moyo na ulikuwa wa siku nyingi. Siwezi pia kudai kwamba haikumwongezea.

Kwenye mazishi mzee wa kanisa alisimama kumzungumzia. Akasema marehemu alikuwa mtu wa kuheshimu maombi. Akasema alikuwa ameliomba kanisa limkumbuke mke wa mwanawe, ambaye kila asubuhi alikuwa akijinyenyekeza chini mbele ya Mungu kwenye baridi, na kwamba kwa ajili yake alikuwa ameiacha njia yake mwenyewe akapita njia ngumu. Watu wakageuka kunitazama. Wanawake wengine walitikisa vichwa kwa huruma, na mmoja nisiyemjua akanishika mkono. Nilitazama chini. Ningeweza kusimama nikasema. Watu husimama mazishini wakasema mambo mazito kuliko hilo. Nilimtazama mke-mwenza wangu, nikitumaini kwamba yeye angalau atacheka, aseme lile neno la viazi. Alikuwa analia.

Sasa nafanya yoga kila siku. Saa ile ile, mahali pale pale, sijakosa tangu mazishi, na kama yule mama wa mjini angeniona nadhani angesema nimeanza. Siwezi kukosa. Nikikosa, mtu atauliza kama nimekata tamaa. Mgongo wangu ni mzima. Ninapolala chali pale mwisho hakuna sauti inayonijia, kwa kuwa boma zima linanyamaza. Watoto wanaambiwa wasipige kelele kwenye migomba. Nimejaribu, kwa kuwa wote wanaamini, kuomba kweli nikiwa pale chini, na sijapata neno la kuanzia isipokuwa kumtaja yeye, na kumtaja aliyekufa kwenye maombi kanisani kwetu si sawa, kwa hiyo nakaa kimya.

Juzi nilikuwa bado nimelala pale nikasikia kwato. Nikafungua macho. Mke-mwenza wangu alikuwa amesimama kando ya migomba na ndama wake, amemshika mdomo asilie, anaangalia pembeni.

Nikaketi haraka. "Pita!" nikamwambia. "Pita tu, dada. Si kitu. Nanyoosha mgongo."

Akanitazama kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tangu niolewe boma hili.

"Najua," akasema. "Endelea tu."

Akamgeuza ndama, wakashuka njia ya kijito.